Uzio wa Karatasi ya Sukari

Juzi mjukuu wangu aliunguza uji wa muhogo. Aliuacha jikoni akaenda nje kuongea na simu, na aliporudi sufuria ilikuwa na kitu kizito, cha kuvutika, kilichoshika rangi ya kahawia chini. Mimi nilikuwa nimekaa uani. Harufu ile iliponifikia niliinuka, na siku hizi siinuki ovyo. Nikaja nikasimama mlangoni, naivuta tu. Binti akaanza kuomba radhi mapema, maana anaujua mdomo wangu.

"Usimwage," nikamwambia. "Niletee karatasi na mkasi."

Alinitazama kama anayejiuliza ampigie mama yake au asimpigie. Lakini ninyi mliokua wakati mmoja nami, kule kwetu Karagwe kabla ya uhuru, mtanielewa bila maelezo. Uji wa muhogo uliopitiliza ndio ulikuwa gundi yetu. Tuliutumia kubandikia majalada ya madaftari na picha za Yesu ukutani. Nami mwaka ule ninaotaka kuusimulia niliutumia kutengenezea kadi ya Krismasi, nikiwa nimeazimia kabisa kwamba kadi hiyo ndiyo itakayomzuia bibi yangu asichukuliwe.

Kwetu kulikuwa Ihembe. Kibanja chetu kilianzia barabarani, kikashuka na migomba na kahawa mpaka bondeni. Ng'ambo ya bonde aliishi Bibi, mzaa mama. Ukisimama kwenye mti wetu wa mwisho wa kahawa uliuona moshi wake ukitoka kwenye nyasi za paa, na kila asubuhi Mama alisimama pale kuutafuta kabla hajafanya jambo lolote. Mwanawe pekee wa kiume, mjomba wangu, alikwenda Uganda kulima mashamba ya watu, akakaa huko, akanyamaza. Bibi alibaki peke yake na miguu iliyovimba, ndani ya nyumba iliyoinama upande mmoja. Mama alikuwa akivuka bonde kwenda na kurudi, mdogo wangu mgongoni, kikapu kichwani. Siku za mvua nilisikia akisali jikoni kwamba nyumba ile isimwangukie.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu kwa nini Bibi hakai na sisi. Baba na Bibi walichukiana. Hakuna aliyeniambia hivyo, niliona kwa macho yangu. Baba akiwa anapita njia ya bondeni na Bibi akasikia kikohozi chake, mzee wa watu alijitosa kwenye migomba na miguu yake ile mibovu, akajifunika shuka kichwani, akageukia huko. Baba naye akiona shuka lake kwa mbali alikata kona kupitia majani yenye umande, akarudi nyumbani suruali imelowa mpaka magotini. Jina la Bibi halikupita kinywani mwake hata mara moja. Paa la Bibi likivuja, Baba alingoja kwanza Mama amtoe Bibi kwenda shambani, ndipo aende na nyasi zake kuziba, kisha atoke haraka kama mwizi. Kahawa ya kutafuna, zile buni zinazochemshwa na majani yenye harufu nzuri na kukaushwa, Baba alizichagua moja moja, akazifunga kwenye gome kavu la mgomba, akanipa. "Mpelekee," basi, bila kusema nani. Bibi naye alipokea kwa mikono miwili, akafungua, akanusa, halafu hakuuliza zimetoka kwa nani. Mimi nikaona: wamefikia mahali hata kutajana hawawezi.

Sasa, mwaka ule mvua zilikuwa kali. Siku moja akaja mjomba Bitegeko, binamu yake Mama, aliyekuwa akiishi upande wa pili wa mto, kulekule Uganda, ukishavuka kivuko cha Murongo unatembea tena siku nzima. Bibi alikuwa shangazi yake. Alikunywa maziwa, akafuta mdomo, akasema amepita kumwona shangazi na ile nyumba haitafika masika.

"Krismasi ikipita nitakuja kumchukua," akasema. "Kwetu kuna watu. Hapa mtamwokota siku moja chini ya nguzo."

Mgeni alipoondoka Mama alikaa kumenya ndizi, na kisu chake kilikuwa kinakata nene, ganda na nyama pamoja, jambo ambalo angenichapa mimi kama ningelifanya. Baba alikuwa anafunga mpini wa jembe.

"Baba Koku," Mama akasema. "Haiwezekani akaja hapa?"

"Hapa?" Baba akainua kichwa. "Mimi na yeye, ua mmoja? Mlango mmoja? Atapita wapi, nami nitapita wapi? Mama Koku, unajua kwamba haiwezekani."

"Najua," akasema Mama. Machozi yake yakaanguka kwenye ndizi, akaendelea kumenya.

Nilimchukia baba yangu jioni ile, nasema wazi. Nilimpenda Bibi kuliko watu wote. Yeye ndiye aliyeniita Kokushubira, yeye ndiye aliyenifundisha kupitisha jani la mgomba juu ya moto mpaka lilegee na kukunjika bila kuchanika. Nilijua watu wakivuka Murongo hawarudi, kwa sababu mjomba wangu alivuka na hakurudi. Nikaamua kwamba Bibi havuki. Nilikuwa mtoto wa darasa la pili, lakini kuamua nilikuwa nimeshajua.

Shuleni kwetu misheni, wasichana tulifundishwa na Mwalimu Damari, mke wa mwinjilisti. Alisomea Bukoba, alivaa viatu, na alikuwa na kiboko kirefu kuliko cha mumewe. Krismasi ilipokaribia alituletea kadi moja aliyopewa na Wazungu. Kwa nje ilikuwa karatasi tu yenye nyota. Akaifungua, na ndani zizi la ng'ombe likasimama, na Mariamu, na Yosefu, na punda. Akaifunga, wote wakalala. Darasa zima tulishika vinywa.

"Hii ni kadi ya salamu," akasema. "Inakwenda mahali ambapo miguu yako haifiki. Inasema neno ambalo mdomo wako umeshindwa."

Wenzangu walisikia habari za Krismasi. Mimi nilisikia habari za Baba na Bibi. Basi niliinua mkono nikaomba kuitazama kwa nyuma, kule ambako hakuna picha, nione kinachowavuta wale watu wasimame. Mwalimu alishangaa, akanipa. Kumbe siri yote ilikuwa mikunjo: kipande kimekatwa pande tatu na kuachwa miguu, na nyuma yake kuna kikanda chembamba kilichokunjwa, ambacho ukifungua kadi kinanyooka na kumwinua. Nilikiangalia mpaka akaninyang'anya.

Akatugawia kila mmoja karatasi moja nyeupe ya kutengenezea kadi ya wazazi wetu, akatufundisha kukunja nyota na kipepeo. Mimi sikuikunja yangu. Niliificha ndani ya gauni, nikaenda kujifunza kwanza kwa vitu visivyo na gharama. Jani la mgomba lilikunjika vizuri ila halikusimama, lililala kama mlevi. Gome kavu la mgomba lilisimama ila lilivunjika kwenye mkunjo. Nikaokota mfuko wa saruji pale walipokuwa wakijenga kanisa, nikaung'uta vumbi, nikakata, nikakunja, nikaharibu, nikakata tena. Uji wa muhogo niliuiba kidogo kidogo kwenye chungu na kuuchemsha peke yangu mpaka ukawa gundi, na Mama akawa anauliza kwa nini watoto wa nyumba hii wana njaa namna hii. Vidole vyangu vilikuwa na mikato ya wembe kila mahali. Nilipopiga magoti kanisani Jumapili sikuomba kingine, niliomba mkunjo.

Siku mtu wangu wa kwanza aliposimama mwenyewe, nililia. Ndipo nikaitoa ile karatasi nyeupe.

Nilitengeneza watu wawili tu. Ukurasa mmoja, mwanamume mwenye kofia ya pama na fimbo. Ukurasa wa pili, mwanamke mwenye shuka, na shuka lenyewe nililipaka maji ya buni mbichi za kahawa. Ukifungua kadi wote wawili waliinuka wakatazamana, pua kwa pua, mikono yao imenyooshwa kama wanaotaka kupeana salamu. Niliifungua na kuifunga mara nyingi mno. Nilikuwa na hakika kwamba Bibi akiona hivyo moyo wake utalainika, atakuja kwetu, Baba naye ataona aibu kumfukuza mtu aliyekuja mwenyewe.

Nilimkuta Bibi mlangoni kwake akichagua maharage kwenye ungo.

"Bibi, nimekuletea Krismasi."

"Mwana wange, Krismasi inabebwa mkononi siku hizi?" Akafuta vidole, akapokea, akafungua. Wale watu wakainuka. Akacheka kwa sauti, meno yake machache yote nje. "Huyu mama ni nani?"

"Ni wewe. Ona shuka lako."

"Kumbe mimi mzuri! Na huyu mwenye kofia?"

"Baba."

Sijawahi kuona mzee akiruka vile. Ungo ukaenda huku, maharage yakaenda kule, kadi ikaanguka chini imefunguka vilevile, na Bibi akawa ameshajifunika shuka lote mpaka kichwani, amegeukia ukuta.

"Mwondoe!" akapiga kelele. "Mwondoe mkwe wangu mbele yangu! Ameniona?"

"Bibi, ni karatasi!"

"Karatasi ina macho! Umemchora macho, nimeyaona! Mwondoe, mtoto, usiniue kwa aibu!"

Niliifunga kadi, nikakaa kwenye maharage, nikalia mpaka kifua kikauma. Kazi yangu yote, mikato yangu yote ya wembe. Nikamwambia kwa hasira kwamba wao ndio wabaya, yeye na Baba, na kwamba kwa chuki yao atachukuliwa avuke Murongo asirudi, na Mama atakufa kwa kulia.

Bibi akaja akaketi karibu yangu, shuka bado liko kichwani.

"Chuki?" akasema. "Nani amekwambia chuki? Mtu unayemchukia unamtazama vizuri sana, ujue ametokea wapi na ameshika nini mkononi. Yule mtu nilimpa mtoto wangu wa tumboni. Nitamtazamaje usoni? Ananiheshimu, nami namheshimu. Tangu siku ya harusi hajanikanyagia hata kivuli. Unadhani nyasi za paa hili huwa zinaota zenyewe?"

Nilishusha pumzi kwa kwikwi. Nilikuwa bado nina hasira, ila sasa sikujua nimkasirikie nani.

"Kwa hiyo unampenda?"

"Hilo halisemwi," akajibu Bibi, akaanza kuokota maharage. "Nisaidie. Na hao watu wako uende nao, uwaweke kila mtu mahali pake."

Nilipanda mlima kurudi nyumbani nikiyatafuna maneno yale. Kila mtu mahali pake. Kama si chuki, basi shida ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, shida ilikuwa macho tu. Na macho yanazibika. Nilikuwa sijafika nusu ya njia nimeshaelewa kwamba ile kadi haikuwa mbaya, ilikuwa imepungukiwa na mkunjo.

Karatasi nyingine sikuwa nayo. Asubuhi nikamfuata Mwalimu Damari, nikampa shikamoo, nikamweleza yote. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akanikaripia, akasema sisi tuliobatizwa tunatazamana usoni, mambo hayo ni ya zamani.

"Mwalimu," nikamuuliza, "mume wako anamtazama mama yako?"

Akavaa miwani. Akaingia ndani, akatoka na karatasi ya sukari, ile nzito ya buluu ya kufungia sukari dukani, ameikung'uta vizuri. "Nenda," akasema. "Na domo hilo litakuponza."

Karatasi ya sukari ninyi mnaijua: ngumu, ila ukiikunja inashika, na mkunjo wake unakaa. Nikaikata upana wa kadi, na katikati nikaikunja ikapanda juu, ikashuka, mithili ya tuta la viazi, lakini nyembamba, iliyobanana. Nikawahamishia wale watu wawili juu yake kwa gundi, mmoja huku, mwingine kule. Ukifungua sasa, kati yao uliinuka uzio wa buluu uliowapita vichwa. Nikauchora mistari ya matete. Baba na fimbo yake, Bibi na shuka lake, wote wamesimama na hakuna anayemwona mwenzake.

Niliianika juu ya jiwe uani gundi ikauke. Baba akarudi kutoka shambani, akaiona. Nilitaka kuiwahi, nikachelewa. Akachuchumaa, akaifunga, akaifungua.

"Huyu ni mimi?"

"Ndiyo, Tata."

"Na upande wa pili?"

Sikumtaja. Kutajana hawakutajana, nami nilikuwa nimeshapata somo. Baba akainamisha kichwa achungulie upande wa pili, kisha akajizuia, akacheka puani. Kweli, alijizuia kwa mtu wa karatasi.

"Hiki katikati ni nini?"

"Uzio wa matete. Mrefu. Mtu hawezi kuona."

"Na mlango wa huyo mwingine uko wapi? Akitaka kutoka apite wapi?"

Mlango sikuwa nimeufikiria. Lakini niligoma kushindwa pale nilipofika, nikaweka kidole pembeni kabisa mwa ukurasa wa Bibi. "Huku. Unatazama bondeni. Njia yake ni ya bondeni, na yako ni ya barabarani."

Baba alikaa na kadi ile mkononi muda mrefu. Akainuka akaenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba ya upande wa bondeni, nikamsikia akikanyaga majani makavu, akisimama, akikanyaga tena. Aliporudi alimwita Mama.

"Mama Koku. Ile migomba mitatu ya nyuma imezeeka, sivyo?"

"Bado inazaa," akasema Mama.

"Imezeeka," akasema Baba. "Naikata kesho."

Mama alimtazama, akatazama kadi, akanitazama mimi. Akaingia jikoni haraka, na tulimsikia akipuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Baba alijenga nyumba ya Bibi pale nyuma kwa kukimbizana na Krismasi. Majirani walikuja na fito, na wanawake na nyasi. Mimi nilibeba matete kutoka bondeni mpaka mabega yakachubuka, na hakuna aliyeniambia nipumzike, maana niligombana na kila aliyejaribu. Uzio ulisimama mrefu, umefumwa mara mbili. Nilizunguka kila upande nikiweka jicho kwenye nafasi, na palipopitisha mwanga nikamwita Baba apazibe.

Bibi aliletwa kwa machela, wanaume wanne wamembeba, amefunikwa shuka. Baba ndiye aliyesafisha njia kwa panga. Alitangulia mbele kabisa, akikata matawi, akisogeza mawe, na toka ng'ambo ya bonde mpaka kwetu hakugeuka nyuma hata aliposikia wabebaji wakiteleza. Shingo yake tu ndiyo iliyokuwa imekakamaa. Siku ileile nilimpa Bibi kadi yake, uzio umesimama. Mjomba Bitegeko alipokuja baada ya Krismasi alikuta moshi unatoka nyuma ya nyumba yetu, akapewa mkungu mkubwa wa ndizi, akavuka Murongo na ndizi badala ya shangazi.

Wakaishi hivyo. Mimi nikawa mdomo wao, ingawa uzio ule haukuzuia sauti hata kidogo. "Koku," Bibi angesema kwa nguvu, "mwambie mkwe wangu kikohozi chake si kizuri, achemshe majani." Kabla sijafungua mdomo Baba angejibu, "Koku, mwambie nimesikia." Jioni walikaa hivyo, huyu huku na yule kule, wakitafuna kahawa ileile iliyotoka kwenye chungu kimoja, wakiongelea mvua na ndama, na mimi katikati nikimwambia kila mtu kile ambacho ameshakisikia. Sijapata kazi niliyoipenda kama ile.

Bibi alifariki nikiwa msichana mkubwa. Wanawake walikuwa ndani wakimwosha. Baba aliketi upande wake wa uzio, peke yake, kofia magotini. Mama akatoka na kikapu kidogo cha Bibi, akanipa, akasema nitazame kama kuna cha kuhifadhi. Ndani mlikuwa na buni chache ndani ya gome la mgomba, na kadi yangu.

Nikaenda kuketi karibu na Baba, nikamwonyesha. Akaifungua. Wale watu waliinuka, wamechakaa, kofia ya Baba imekatika ukingo. Lakini uzio haukuinuka. Ulilala wazi, na wale wawili walikuwa wakitazamana.

"Umelegea," akasema Baba polepole. "Ni zamani sana."

Mimi ndiye niliyeukunja, nikaukagua. Karatasi ya sukari hailegei kwa kukaa. Pale juu, kwenye mkunjo, buluu ilikuwa imetoweka kabisa, pamebaki weupe, jinsi palivyopitiwa na vidole, uzio ukilazwa na kusimamishwa, ukilazwa na kusimamishwa, kwa miaka yote ile. Nilimwonyesha Baba ule weupe.

Aliutazama. Akamtazama yule mama wa karatasi na shuka lake la rangi ya kahawa, akamtazama vizuri, kwa muda, machozi yakimdondoka. Kisha akaubana uzio kwa vidole viwili, akausimamisha tena katikati yao, akanirudishia kadi.

"Mwambie nashukuru," akasema.